Usifungie karanga Lodi Lofa: jinsi ya kukusanya, kupima na kuuza magazeti ya katuni

Najua wengi wenu mnasoma hapa mkiwa kafe na dakika zinahesabika, kwa hiyo sizungushi. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: hayo magazeti ya katuni ya zamani unayoyarundika ndani, yana hela kweli? Jibu fupi: yanayo, ila ni kidogo, na ni kwa mwenye subira. Jibu refu linafuata, na ndani yake kuna jambo kubwa kuliko hela.

KWANINI KATUNI MOJA IUZWE MAMILIONI NA NYINGINE ISIUZIKE?

Tuanze na Marekani maana ndiko hizi habari za mamilioni zinakotoka. Mwaka 1938 lilitoka toleo namba 1 la Action Comics, ndimo Superman alimoonekana kwa mara ya kwanza. Bei yake ilikuwa senti 10. Aprili 2024 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 6. Mtu akisikia hivyo anakimbilia kabati la babu yake. Tulia kwanza mshikaji.

Toleo lile halikupanda bei kwa sababu ya uzee peke yake. Yapo magazeti ya mwaka huohuo ambayo hayana mtu wa kuyatamani. Mambo matatu yalikutana: ndani kuna mhusika ambaye watu wanampenda mpaka leo, nakala zilizobaki ni chache, na hiyo iliyouzwa ilikuwa bado nzuri. Na kwanini zimebaki chache? Kwa sababu wakati ule hakuna aliyeona kuwa ni mali. Watoto walizisoma mpaka zikachanika, wazazi wakazitupa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani wakakusanya karatasi kuukuu zikasagwe upya kwa ajili ya vita.

Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 1992 kampuni inayomchapisha Superman ilitoa toleo namba 75, ambamo anauawa. Watu walikuwa wameshasikia habari za katuni kugeuka utajiri, wakanunua mamilioni ya nakala na kuziweka bila hata kuzifungua. Leo nakala hizo ziko kila kona na nyingi bei yake ni ya kawaida tu. Soko lile la kubahatisha lilianguka, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika.

Somo ni moja: kitu ambacho kila mtu anakitunza hakiwi adimu. Adimu ni kile ambacho kila mtu alikitupa.

Na hapo ndipo sisi tunapoingia, maana kwa kutupa hatuna mpinzani. Gazeti la katuni Bongo lilisomwa na nyumba nzima, likaazimwa na jirani, likapita kijiweni. Baada ya hapo likafunika daftari la shule, likabandikwa ukutani kuzuia vumbi, likawashia mkaa, likafungia karanga na maandazi, na mengine yakamalizikia chooni. Kwa hiyo magazeti yaliyochapwa kwa maelfu, leo ukitafuta nakala moja safi unaweza kumaliza soko zima na kurudi mikono mitupu.

UTAFUTE NINI HASA?

Orodha hii ni ya vitu halisi vya kwetu. Soma taratibu.

1. Sani. Hili ndilo gazeti ambalo wazazi wetu wakilitaja wanacheka peke yao. Jina limeungwa kutoka majina ya waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Lilivuma sana miaka ya 1980 na 1990. Humo walikuwemo akina Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe na Madenge. Jina la mchoraji Philip Ndunguru linahusishwa sana na wahusika hao. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, wachoraji wengine wakaendelea nao. Kwa mkusanyaji hiyo ni alama muhimu: toleo la kabla ya 1986 na la baada ya hapo si kitu kimoja, hata kama mhusika ni yuleyule. Angalia tarehe, angalia na sahihi ya mchoraji kwenye kona ya picha.

2. Kingo. Ni kazi ya James Gayo, na miaka ya 1990 lilikuwa gazeti la katuni linalojitegemea. Michoro yake ni safi na karatasi zake mara nyingi zimevumilia kidogo.

3. Katuni za magazetini. Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, kuanzia miaka ya 1960. Kipanya wa Ali Masoud, ambaye wengi wanamwita Masoud Kipanya. Wakenya nao wana Juha Kalulu wa Edward Gitau ndani ya Taifa Leo. Hapa onyo: usikate kipande cha katuni peke yake. Tunza ukurasa mzima, tarehe ionekane juu. Kipande kisicho na tarehe ni kama picha ya harusi isiyo na bwana harusi.

4. Hadithi za picha za kamera. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Drum ilikuwa inatoa gazeti la African Film lenye mpelelezi Lance Spearman, yule mwenye kofia. Lilisomwa Afrika Mashariki mpaka Magharibi. Wazee wa mjini wanalikumbuka kwa jina la Spear tu.

5. Vitabu vya katuni. Sasa Sema ya Nairobi ilitoa Abunuwasi ya Gado mwaka 1996. Gado ni Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyezaliwa Dar mwaka 1969 na kupata jina kubwa akichora kwenye magazeti ya Kenya. Kitabu kinadumu kuliko gazeti, kwa hiyo usilipe bei ya uadimu kabla hujaulizia sehemu mbili tatu.

6. Vya bure. Shujaaz ilianza Kenya mwaka 2010 ikigawiwa bure ndani ya gazeti. Cha bure ndicho kinachotupwa haraka. Kama unazo za mwanzo, kaa nazo.

KUPIMA HALI: DIVISHENI WANI MPAKA ZIRO

Wamarekani wana kampuni inaitwa CGC, ilianza kazi mwaka 2000. Unawatumia katuni yako, wanaikagua, wanaipa alama kati ya 0.5 na 10, halafu wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki ambalo huwezi kulifungua bila kuonekana. Mnunuzi anaamini alama ile hata kama muuzaji hamjui.

Sisi hatuna kitu hicho kwa Sani. Kwa hiyo mimi natumia kipimo ambacho kila Mtanzania aliyekaa darasani anakielewa bila kufundishwa, yaani divisheni.

Divisheni wani: jalada lipo na linang'aa, pini zote mbili zipo na hazina kutu, kurasa zote zipo, hakuna maandishi ya kalamu, pembe hazijakunjika. Kwa magazeti ya kabla ya 1990 sijaikuta zaidi ya mara chache, na kila mara ilitoka kwenye kabati la mtu mwenye tabia ya kutunza hata risiti.

Divisheni tuu: imesomwa lakini kwa adabu. Mikunjo midogo mgongoni, pembe zimelegea, karatasi imeanza unjano. Bado nzima.

Divisheni thrii: jalada limechanika kidogo au limeachia pini moja, kuna jina la mwenyewe limeandikwa, kuna doa la chai. Kurasa zote zipo.

Divisheni foo: jalada la mbele au la nyuma halipo, au kuna seloteipu, au panya amepitia pembeni. Hadithi inasomeka yote.

Ziro: kuna ukurasa haupo. Hapa sijali jalada linang'aa vipi. Hadithi isiyo na mwisho ni ziro.

Namna ya kukagua: nawa mikono, ikaushe, weka gazeti juu ya meza kavu. Hesabu kurasa moja moja kwa kufuata namba zake, usikadirie kwa unene. Angalia katikati penye pini, ndipo ukurasa wa kati unaponyofoka bila mtu kujua. Chungulia kama kuna kuponi au fumbo lililokatwa, maana watoto walipenda kukata. Halafu inusa. Harufu ya uvundo maana yake ilipata maji, na ukungu wake utahamia kwa majirani.

Sheria moja ya kupima: ukisita kati ya divisheni mbili, andika ya chini. Mnunuzi wa Mbeya akipokea tuu wakati ulimwahidi thrii, atakutafuta tena. Akipokea thrii wakati ulimwahidi tuu, atawaambia na wenzake. Hatuna kampuni ya kufungia kwenye plastiki, kasha letu ni neno la muuzaji.

FOTOKOPI ZILIZOVAA KOTI

Zipo nakala zinazotolewa kivuli na kubanwa pini upya. Si lazima awe tapeli, wengine walitoa kivuli ili wasome tu, na baada ya mikono mitatu habari hiyo ikapotea njiani. Chukua kioo cha kukuzia, hata kamera ya simu ukiisogeza karibu inasaidia. Picha ya rangi iliyochapwa kiwandani utaiona imejengwa kwa vidoti vilivyopangwa kwa utaratibu. Wino wa mashine ya fotokopi unakaa juu ya karatasi, unang'aa kidogo, na penye mkunjo unabanduka. Angalia pia karatasi: gazeti la miaka ya 1980 lenye karatasi nyeupe kama daftari jipya, muulize muuzaji vizuri.

KUTUNZA KWENYE JOTO LA IDODI

Wasiopajua, Idodi iko magharibi mwa Iringa mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Watalii wanapita hapa wakiwahi tembo. Ukishuka kutoka Iringa mjini kwenye baridi unakutana na joto, vumbi na mchwa. Kwa karatasi hao wote ni maadui, kila mmoja na silaha yake.

Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mti uliosagwa tu bila kusafishwa sana. Ndani yake imebaki ile dawa ya asili inayoufanya mti uwe mgumu. Ikikutana na mwanga na joto inageuka njano, inatoa tindikali, na mwisho karatasi inavunjika kama kaukau. Huwezi kuirudisha. Unachoweza ni kupunguza kasi tu.

Mimi nafanya hivi. Kila gazeti linaingia kwenye faili la plastiki angavu la stationari. Chagua lile gumu kidogo lenye alama ya PP au namba 5. Yale laini yenye harufu kali yanaganda na wino. Magazeti yanalala, hayasimami, na kila rundo halizidi kumi. Yanaingia kwenye tranka la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Tranka linakaa juu ya matofali, mbali na ukuta, ili mchwa akipanda aonekane. Kila mwezi nafungua na kukagua. Vile vifuko vidogo vya punje za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu sivitupi, vinakaa kwenye kona za tranka wakati wa masika.

Usifanye haya: usibandike seloteipu, inageuka kahawia na kula karatasi. Usianike juani gazeti lililolowa, lianike kivulini penye upepo. Usipulize dawa ya mbu juu ya karatasi. Na usikunje katikati, hata kama mfuko ni mdogo.

HELA SASA

Tupige hesabu ya mfano, bei ni za kukisia ili uone mwendo wake. Tuseme umenunua magazeti 10 kwa shilingi 500 kila moja, hiyo ni 5,000. Mafaili 10 kwa 300, ni 3,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi tuseme 14,000. Jumla umetoa 22,000. Katika hayo 10, matano ni ziro. Mawili ni divisheni tuu, unayauza 8,000 kila moja, unapata 16,000. Matatu ni thrii, unauza 3,000 kila moja, ni 9,000. Jumla 25,000. Faida ni 3,000 kwa wiki mbili za kazi. Kijana wa bodaboda akikusikia atacheka mpaka azime pikipiki.

Lakini ukienda mjini kwa shughuli nyingine, ile nauli haimo kwenye hesabu, na faida inakuwa 17,000. Ndiyo maana nasema hii ni hobi inayojilipia, si ajira. Anayekuambia uache shamba la mpunga ukauze katuni hakutakii mema.

Unapata wapi mali? Kwenye vitabu vya mtumba vinavyopangwa chini mjini, Iringa pale Mashine Tatu na Miyomboni, Mbeya pale Mwanjelwa. Kwa walimu wastaafu. Kwa mtu anayehama nyumba. Na kwa wauza karanga.

Ngoja niwaambie kuhusu hao. Magazeti ya kufungia yananunuliwa kwa kilo, na ndani ya kilo hawachagui. Kuna mama mmoja hapa kijijini ambaye nimekubaliana naye. Nikifika tu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umefuata karanga au karatasi?"

"Vyote mama."

Nampelekea kilo mbili za magazeti mapya, ananipa kila penye katuni ya zamani, na hela kidogo juu. Mwanzoni alidhani nimechanganyikiwa. Nilimweleza wazi nayafanyia nini, na kwamba nikiuza moja kwa bei nzuri atapata mgao. Wapo wanaoniambia nimeharibu biashara, eti muuzaji asijue thamani ya anachokiuza. Sikubaliani nao, na sababu yangu si wema tu. Mama huyu sasa anachambua mwenyewe kabla hata sijafika, na ameshawaambia na wenzake. Macho sita yanatafuta badala ya mawili. Ungemficha, karatasi ingeendelea kuwa koni ya karanga.

Ukiuza, piga picha jalada la mbele, la nyuma, pini, na kila kasoro. Andika divisheni yako na sababu zake. Kwa basi, weka kati ya maboksi mawili magumu, funga, andika jina na namba ya simu, mtumie mnunuzi picha ya risiti.

Jambo la mwisho kwenye hela: kuuza gazeti uliloshika mkononi ni haki yako. Kuliskani na kuuza mafaili kwenye makundi ya WhatsApp ni habari nyingine. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wachoraji hawa wengi hawakutajirika. Tusiwaibie mara ya pili.

KWANINI NAENDELEA

Siku moja nilitaka kujua mkasa mmoja uliokatika sehemu ya kwanza ulimalizikaje. Toleo la kwanza ninalo. Nimeulizia Iringa, Mbeya mpaka Dar kwa jamaa zangu, sehemu ya pili haijaonekana. Inawezekana ipo maktaba fulani, inawezekana imeshafungia maandazi miaka thelathini iliyopita. Superman akipotea kwa mtu mmoja Marekani, yuko kwa mwingine, na wamemchapa tena mara kibao. Huyu wetu nakala ya mwisho ikiungua, basi kaisha. Namna watu wa 1985 walivyovaa, walivyotaniana, walivyopanga foleni ya sukari, yote ilichorwa humo na hakuna picha ya kamera iliyoshika utani ule.

Kwa hiyo usinunue hata gazeti moja kwanza. Nenda nyumbani, uliza wazee, fungua lile sanduku. Tengeneza daftari lenye safu tano: jina la gazeti, namba ya toleo, tarehe, mchoraji, divisheni. Hata ziro iandike. Ziro yangu na ziro yako zinaweza kuwa na kurasa tofauti, na tukiziweka pamoja tukapata hadithi nzima.

Haya wadau, mwenye swali au mwenye Sani ya zamani ndani aseme hapo chini. Ila taja toleo na tarehe, usiseme tu "ninayo ya kitambo".

Nawasilisha.